Nani Amemtuma?

Mchungaji hana likizo ya Krismasi. Watu wengine wanapofunga ofisi na kukata tiketi za mabasi, sisi ndiyo kwanza tunahesabu mishumaa ya mkesha na kugawana zamu za mitaa isiyo na mchungaji. Ndiyo maana familia yetu imezoea kupumzika wiki ya kwanza ya Januari, kabla shule hazijafunguliwa na kabla wanafunzi wa chuo cha teolojia ninakofundisha hawajarudi. Mwaka huo tuliteremka kutoka milima ya Usambara mpaka Pangani, tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha tukashika barabara ya vumbi mpaka Ushongo, kijiji cha wavuvi chenye minazi na ufuko mrefu wa mchanga. Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, watoto wetu watatu, na mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka 11 aliyekuwa akiishi nasi tangu Septemba.

Asubuhi ya pili tulikuta ufuko umejaa konyeza.

Sisi watu wa milimani tunaujua upupu, tunawajua siafu na nyuki. Konyeza ni habari nyingine. Walikuwa wametandazwa kwenye ule mstari ambao maji makuu ya bamvua huacha majani ya baharini, vipande vya mbao na chupa za plastiki. Wakubwa walifikia upana wa sahani ya kulia, wadogo walikuwa kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukiwatazama dhidi ya jua unaona mwanga umepita ndani yao kama unavyopita kwenye kioo cha dirisha la bafuni. Mwili wa kiumbe huyu karibu wote ni maji, kama sehemu 95 kati ya 100, na jua lilipopanda walianza kunywea mbele ya macho yetu mpaka wengine wakabaki utando tu juu ya mchanga. Binti yetu mdogo alijaribu kuwahesabu, akafika 70, akachoka.

Mke wangu ni muuguzi, na sheria aliitoa mapema: hakuna kugusa, hata aliyekufa, kwa sababu konyeza aliyekufa bado anauma. Watoto walitii. Walichokonoa kwa vijiti, wakachora duara kuzunguka yule mkubwa kuliko wote, kisha wakaenda kucheza mpira mbali kidogo, mahali ambapo mchanga ulikuwa safi. Mpira ukaingia majini. Kijana wetu akaufuata, maji yakimfika magotini, na kabla hajaushika tukasikia kelele ambayo sitaki kuisikia tena.

Kwenye ndama ya mguu wake wa kulia palikuwa na mistari myekundu mitatu, kama mtoto aliyechapwa kwa fimbo nyembamba. Kijana mmoja wa pale alikuja mbio na chupa ya maji ya kunywa. Mzee aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkungu akampigia kelele: “Usimmwagie maji baridi!” Nilidhani anataka maji ya moto. Baadaye nikaelewa kwamba watu wa pwani wakisema maji baridi wana maana ya maji yasiyo na chumvi, na kwamba maji hayo huchochea sumu iliyobaki juu ya ngozi. Mzee alimwosha kwa maji ya bahari, akaziondoa nyuzi zilizonata kwa ncha ya kijiti, taratibu, bila kusugua. Kisha mke wangu akaleta maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akayachanganya kwenye beseni, akayapima kwa mkono wake mwenyewe mpaka yakawa ya kiasi ambacho mtu anaweza kuvumilia bila kuungua, akautumbukiza mguu humo.

Maumivu yalipoanza kupungua, mtoto alinitazama, akauliza: “Baba mdogo, nani amemtuma?”

“Nani amemtuma nani?”

“Huyo mdudu. Tulikuwa wengi. Mbona ameniuma mimi?”

Mzee wa nyavu alikuwa bado amechuchumaa karibu na beseni. Akacheka, ila si kwa kumdhihaki. “Mwanangu, huyu hana wa kumtuma. Hata yeye mwenyewe hajitumi. Kaskazi inamsukuma, naye anakuja.” Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini: “Padri, mtoto huyu ameshasikia maneno makubwa.” Pwani kila mtumishi wa kanisa ni padri, nimeshaacha kusahihisha.

Alisema kweli. Mtoto huyo alikuwa amesikia maneno makubwa, na ilikuwa miezi mitano tu tangu ayasikie.

Kaka yangu alifariki Agosti, akiwa na miaka 51, kwa kiharusi. Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka kadhaa. Aliandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, naye akawa anavimeza kama wengi wetu tunavyomeza: kichwa kikiuma anavikumbuka, akijisikia vizuri anaviweka kabatini. Hakuna siri katika kifo chake. Lakini kabla kaburi halijajengewa, maneno yalikuwa yameshaanza jikoni, kwa wale wanaokoroga masufuria ya msiba. Yalimhusu shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ana miaka zaidi ya 80. Ni mjane, amewazika watoto wake wawili, na anakaa peke yake katika nyumba iliyo chini kidogo ya nyumba ya kaka. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni chumba kisicho na dirisha maisha yake yote. Akitembea huongea peke yake. Ukimkaribia utasikia kwamba anasali. Na kweli aliwahi kugombana na kaka kuhusu mpaka wa migomba. Hayo yakatosha.

Chungu cha ndizi alicholeta msibani hakikuguswa. Mtu mmoja alikimimina nyuma ya banda la mbuzi usiku. Nilisimama siku ya tatu, mbele ya ukoo, nikasema waziwazi kwamba mama huyu ametulea na kwamba kifo kile kina maelezo yake hospitali. Walinisikiliza kwa heshima. Watu wa kwetu wanamheshimu sana mchungaji, na wakati mwingine heshima hiyo ni njia ya kumwacha aseme ili amalize. Mtoto alikuwepo muda wote. Siku tulipomchukua kuja kwetu, mtu mzima mmoja alimwinamia kwenye dirisha la gari, akamwambia: ukirudi huku likizo, usile kwa bibi yule.

Msomaji asidhani ninazungumzia jambo la nyumba moja. Taifa letu lina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na katika sheria hiyo kumtaja jirani hadharani kuwa mchawi ni kosa. Hata hivyo tumewazika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa. Wala sisi Walutheri tusijifiche nyuma ya jina la Mwanamatengenezo. Mwaka 1526, akihubiri huko Wittenberg juu ya kitabu cha Kutoka, Luther alisema ni haki wanawake wachawi wauawe. Ninapofundisha historia ya kanisa huwa sipiti haraka mahali hapo. Wanafunzi huinamisha vichwa, na ni vizuri wainamishe, kwa sababu baadhi yao wataitwa kuhubiri katika misiba kama ule wa kaka yangu.

Jioni ile, mguu ukiwa umetulia, nilikaa na watoto barazani nikawaeleza nilichokijua kuhusu konyeza. Hana ubongo. Hana moyo, hana damu, hana mfupa hata mmoja. Ana neva zilizotandaa mwilini kama wavu, hazina mkuu wao. Kwenye minyiri yake kuna maelfu ya vifuko vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na ndani ya kila kifuko umejikunja uzi wenye sumu, kama mtego uliotegwa. Kitu kikigusa, uzi hufyatuka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mahali amri inapotoka. Hakuna anayeamua kwamba huyu aumwe na yule aachwe. Ndiyo maana hata mnyiri uliokatika ukaelea peke yake unaweza kukuuma, na ndiyo maana aliyekufa mchangani naye anauma. Anaogelea kidogo kwa kujikunja na kujikunjua, lakini mkondo wa maji na upepo vina nguvu kuliko yeye. Kuanzia Desemba mpaka Machi kaskazi huvuma kuelekea pwani yetu, na kilicho juu ya maji husogezwa nchi kavu, kipende kisipende.

Wakauliza kama ana faida yoyote. Hilo nilikuwa nimeliuliza kwa mzee, na alinipeleka kuona. Kwenye maji yaliyobaki baada ya bahari kupwa palikuwa na konyeza mmoja mzima, na chini ya mwavuli wake vilikuwa vimejificha visamaki vidogo, vitoto vya kolekole, vinaingia na kutoka kati ya minyiri kama vifaranga chini ya kuku. Samaki wakubwa wanaogopa kuvifuata humo. Kasa naye anamla konyeza, na Ushongo wanawajua kasa vizuri. Mbele ya ufuko huo kuna kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti. Miti ikakatwa, mawimbi yakala ardhi, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji makuu. Kasa bado wanakwenda kutaga hapo, na wanakijiji wamekuwa wakiyahamisha mayai kuyaleta ufukoni ili yasifunikwe na maji. Kasa hao hao humeza mifuko ya plastiki wakidhani ni konyeza. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019 niliona ni usumbufu wa sokoni tu. Sikujua inamhusu kasa wa Maziwe.

Zaburi ya 104 inaitazama bahari kwa namna hiyo. Inataja wadudu na wanyama wasiohesabika, wakubwa kwa wadogo, na hata yule mnyama wa kutisha inamtaja kama kiumbe aliyeumbwa acheze majini. Haisemi kwamba viumbe hao wapo kwa ajili yetu. Wapo kwa sababu Mungu amependa wawepo. Katekisimu Ndogo nayo, katika maelezo ya kifungu cha kwanza ambayo watoto wetu wa kipaimara hukariri, inaniweka mimi pamoja na viumbe vyote katika sentensi moja. Mara nyingi tunakimbilia mimi, tunawapita viumbe vyote.

Mtoto wa kaka aliyasikiliza yote hayo kimya. Binti zetu walifurahia habari za kasa. Yeye alikuwa anakuna mguu.

Nimefundisha Matendo ya Mitume kwa miaka kadhaa, na usiku huo nilikumbuka sura ya 28 kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria darasani. Watu 276 wamevunjikiwa na meli, wamefika ufukoni wakiwa wamelowa, katika kisiwa cha Melita, ambacho leo tunakiita Malta. Mvua inanyesha, kuna baridi. Wenyeji wanawasha moto. Paulo, mtume mzima, anaokota kuni kama mtu mwingine yeyote, na alipouweka mzigo wake motoni nyoka akatoka akamng’ang’ania mkono. Wenyeji hawakuhitaji hata dakika mbili. Wakaambiana kwamba mtu huyu bila shaka ni muuaji. Bahari imemkosa, sasa haki imemtumia nyoka. Wakakaa kumngojea avimbe au aanguke. Alipoendelea kuwa mzima wakabadilisha mawazo, wakasema ni mungu.

Wahubiri tunapenda sana mwisho wa habari hiyo, yaani kwamba Paulo hakudhurika. Mimi siku hizi ninasimama kwenye neno dogo ambalo Luka ameliweka katikati. Anasema nyoka alitoka kwa sababu ya joto. Basi. Luka anaamini malaika, anaamini pepo, anaamini kwamba safari nzima ya Paulo imo mkononi mwa Mungu. Na bado anapofika kwa nyoka anataja joto la moto. Wenyeji wale, watu wakarimu kweli kweli, ndio waliomtafutia nyoka mtumaji. Kwa muda mfupi huo mtu mmoja aliyekuwa akiokota kuni alikuwa muuaji, kisha mungu, na mara zote mbili walikosea. Paulo hakujibu kitu. Alimkung’utia nyoka motoni, na tunamkuta baadaye nyumbani kwa Publio akimwombea baba mwenye homa na kuhara damu.

Niliporudi chuoni nililipeleka neno hilo darasani. Mwanafunzi mmoja, mwinjilisti wa miaka mingi kabla ya kuja kusoma, akanipinga. Akasema: Mwalimu, hospitali inatueleza mtu alikufaje. Haituelezi kwa nini alikufa yeye na si jirani yake mwenye shinikizo lile lile. Watu wetu wanauliza swali hilo la pili, na ukiwaletea habari za vidonge unawajibu swali ambalo hawakuliuliza. Ni hoja nzito, nami niliichukua kwa uzito wake. Nilimwambia hivi: ni kweli, ni maswali mawili. Lakini Yesu alipoletewa swali la pili hakulijibu kwa kumtaja mtu. Juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walimpa watu wawili wa kuchagua, yeye mwenyewe au wazazi wake. Akawakataa wote wawili. Juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa na hatia kuliko wenzao wa Yerusalemu. Swali aliliacha wazi, kisha akamgeukia anayeuliza amtazame kipofu, na ajitazame mwenyewe. Mwinjilisti akasema ataifikiria. Nadhani bado anaifikiria, na ninamheshimu kwa hilo.

Sisemi kwamba hakuna uovu. Nimekuwa mchungaji muda wa kutosha kujua kwamba kuna watu wanaowatakia wenzao mabaya na wanaoshinda usiku wakiyapanga. Tunasali kila siku kuokolewa na yule mwovu, na tunasali kwa dhati. Lakini kumkataa Shetani katika ubatizo ni jambo moja, na kumtafuta Shetani katika nyumba ya bibi anayekaa peke yake ni jambo lingine. Hili la pili mara nyingi ndilo kazi yenyewe ya Shetani.

Kuna kisa kimoja cha kisayansi kuhusu viumbe hawa ambacho kimenisaidia kulieleza hilo. Mwaka 1901 mtawala wa Monaco, Albert I, alisafiri baharini na wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, akiwataka wachunguze sumu ya yule kiumbe wa buluu mwenye kifuko cha hewa anayeelea kama puto, jamaa wa konyeza. Waliporudi Ufaransa hawakuweza kumpata, wakatumia jamaa mwingine wa jamii hiyo anayeshikamana na miamba, mwenye umbo la ua. Walimpa mbwa sumu kidogo, akapona. Walitegemea kwamba sasa ameizoea, kama mtu aliyechanjwa. Wiki chache baadaye wakampa tena kiasi kidogo tu, na mbwa akafa muda si mrefu. Sumu ile ndogo peke yake isingemuua. Kilichomuua ni mwili wake mwenyewe, uliokuwa umejiandaa kupambana na adui na ukafyatua silaha zake zote ndani ya nyumba yake. Waliitangaza habari hiyo mwaka 1902 na wakaipa jina anafilaksisi. Mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel. Manesi wote wanaijua hali hiyo. Ndiyo inayomwangusha mtu aliyeumwa na nyuki mmoja.

Nilipokuwa nikisoma habari hiyo niliuona ukoo wetu. Kiharusi kilituondolea mtu mmoja. Yaliyofuata tuliyafanya wenyewe, kwa jina la kujilinda: chakula kilichomwagwa, watoto waliokatazwa mlango, ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu Agosti kwa sababu mmoja anamtetea shangazi na mwingine hamtetei. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kupimwa shinikizo la damu, ingawa ugonjwa huo hutembea katika familia na baba yetu naye alikuwa nao. Mtumaji tulimpata upesi, na sababu tukaiacha kabatini pamoja na vidonge.

Usiku wa mwisho pale Ushongo umeme ulikatika, tukatoka nje kupunga upepo. Watoto wengine walilala. Mtoto wa kaka akaja akakaa kwenye mkeka karibu nami. Baada ya muda mrefu akasema, bila kunitazama: “Kama hakuna aliyemtuma, basi baba alikufa bure.”

Hilo ndilo lililokuwa chini ya swali lake la kwanza. Nililielewa pale, na tangu siku ile sijawacheka wanaotafuta mchawi. Mtoto anayeamini kwamba baba yake ameuawa ana mtu wa kumchukia, na chuki ni kitu cha kushika. Ukimnyang’anya mtumaji unamwacha mikono mitupu, usiku, mbele ya bahari kubwa. Aliye mchungaji asimnyang’anye mtu kitu hicho kisha akaondoka zake.

Sikumwambia kwamba Mungu alikuwa na makusudi yake. Huenda anayo, lakini mimi sikupewa kuyasoma, na nimeona maneno hayo yakimgeuza Mungu kuwa mtumaji mwingine tu, mkubwa kuliko wote, ambaye mtoto atamchukia kwa siri huku akiimba kwaya. Mwezi Aprili 1518, kule Heidelberg, Luther akiwa na miaka 34 alitofautisha watu wawili: yule anayepanda juu kumchungulia Mungu katika utukufu wake na kueleza mipango yake, na yule anayemtazama Mungu pale alipojionyesha, msalabani, na kwa sababu hiyo anaweza kukiita kibaya kibaya. Huwa ninalifundisha somo hilo kwa saa mbili, na ubao, na maswali ya mtihani. Pale mkekani lilikuwa na maneno machache. Nilimwambia kwamba kifo cha baba yake ni kibaya na kwamba haruhusiwi kukiita kizuri. Nikamwambia kwamba Yesu mwenyewe pale msalabani aliuliza kwa nini, kwa sauti kubwa, na hakuna sauti iliyomjibu kutoka mbinguni saa ile. Kwa hiyo anapouliza, hayuko mbali na Mungu. Amekaa mahali alipokaa Mwana wa Mungu. Siku baba yake alipoanguka, Mungu alikuwa sakafuni pamoja naye.

Akauliza: “Hata kabla mama hajafika?”

Nikasema ndiyo, hata kabla mama hajafika. Alikuwa amekaa miezi mitano akifikiria zile dakika ambazo baba yake alikuwa sakafuni peke yake.

Hatukuongea zaidi. Alilala pale pale, nikambeba ndani, amekuwa mzito.

Pasaka tulikwenda nyumbani. Jumatatu ya Pasaka ukoo ulikutana, nami nikaomba nafasi, nikawaeleza habari za Melita na joto la moto, na nikawaomba wenye zaidi ya miaka 35 tukapimwe. Baba mkubwa mmoja alinijibu kwa upole: “Mchungaji, hayo ni ya baharini. Sisi ni wa milimani.” Watu wakacheka, nami nikacheka. Wanne walikuja kwenye zahanati siku iliyofuata. Wawili kati yao walirudi na vidonge. Wale ndugu wawili bado hawasalimiani.

Mchana wa siku hiyo nilipita kwa shangazi kumsalimia, na mtoto akanifuata. Sikuwa nimemwita. Alisimama kwanza mlangoni. Shangazi akaiona ile mistari, ambayo sasa ilikuwa imebaki alama za kahawia, akauliza ameumwa na nani.

“Konyeza,” akasema.

“Ndiye nani huyo?”

Akaingia ndani ili amweleze vizuri. Akamweleza kwamba hana ubongo, hana moyo wala mifupa, na kwamba upepo ndio unaomleta. Shangazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu sikio lake moja halisikii tena.

“Maskini,” akasema. “Kumbe naye hakupenda kuja.”

Kisha akapakua ndizi, akaweka sahani mbele yangu na nyingine mbele ya mtoto. Nilifumba macho kushukuru, na nilipoyafumbua alikuwa ameshaanza. Alikula zote, akauliza kama zimebaki nyingine.